Mfarishi Uliobakia Pembe Moja

Mwaka ule tulikula pilau ya mtama siku ya Idi. Ukitaka kuujua ni mwaka gani, mwanangu, usiniulize tarehe za Wazungu, mimi sikuzisoma. Nenda kawaulize wazee wa mtaa wetu wa Kuze waliobakia, waambie mwaka wa pilau ya mtama, watatikisa vichwa. Mvua ilikuwa imekataa bara na pwani. Mchele wa kwetu ulikwisha, ukawa unakuja wa meli kutoka Bara Hindi, unanuka gunia, una wadudu weusi wanaotembea, na huo huo watu waliugombea. Tulikula muhogo mkavu asubuhi na muhogo mkavu jioni, kitoweo papa wa chumvi, mpaka midomo ikapasuka. Reli ndiyo kwanza ilikuwa inapanda bara, na wenye njaa wa huko walikuwa wakiifuata kushuka mjini.

Nakumbuka siku moja ya mwaka huo, na sipendi kuikumbuka. Nitakusimulia kwa sababu yako wewe, Zuhura. Juzi niliporudi kutoka spitali, baridi ya kusi imeniingia mifupani, ulifungua kasha langu ukatoa mfarishi mkongwe wa leso ulio chini kabisa. Sufi ikamwagika ikakujaa puani. Ukataka kunifunika nao, nikausukuma, nikakujibu kwa ukali, nawe ukaninunia siku mbili. Una haki ya kununa. Hukujua ulichokishika. Basi keti, na hicho kitana unachosukia nywele kiweke chini, usikilize.

Nyumbani mwetu kulikuwa na mwanamke akiitwa Tausi. Sikufichi: alikuwa mjakazi wetu. Aliletwa kutoka bara ya mbali akiwa mtoto mdogo, na alipoulizwa jina la mama yake, alisema, "Mama." Hakuwa na jina jingine la kutoa. Hilo la Tausi alipewa na nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, kwa ile shingo yake ndefu.

Mamangu alinizaa mimi na hakufika arubaini, akafa. Mwezi ule ule Tausi alikuwa amemzika mtoto wake. Wakanitia mikononi mwake. Maziwa niliyoyanyonya, mwanangu, yalikuwa ya mtoto aliyekuwa ardhini. Hayo niliyajua tangu nina akili, na tangu nina akili nilikuwa nikiyaonea haya.

Mbele za watu Tausi aliniita Mwana, kama wajakazi wote walivyowaita mabinti wa nyumba. Tukiwa peke yetu, akinisugua mgongo kwa liwa, aliniita mwanangu. Sikuwa nikimwitikia. Nilijifanya maji yameniingia masikioni. Naye hakuacha kuniita.

Nilipofika miaka kumi na tano nilikuwa nimeshawekwa ndani kama desturi, sitoki mchana, na kwa sindano hakuna aliyenifikia Kuze nzima. Nayasema haya leo na sioni aibu, kwa sababu ni kweli. Nikishona, bandi zangu huzioni zilipoanza wala zilipoishia. Mwaka huo nilikuwa nimeposwa. Mama mkwe wangu mtarajiwa aliitwa Bi Salima, mwanamke mkubwa wa mwili, akicheka nyumba nzima inacheka, akinyamaza nyumba nzima inajiuliza imefanya nini. Nilimwogopa kuliko radi.

Kusi lilipoingia, Tausi akashikwa na kichomi. Alikohoa mpaka vikombe vya rafuni vikagongana. Bi Mkubwa alimkanda kwa mafuta ya habasoda, mwalimu akaja akamsomea, kifua hakikulegea. Ndipo baba aliposema apelekwe spitali.

Lazima uelewe jambo hili, kwa sababu nyinyi siku hizi mnakwenda spitali kama mnaokwenda sokoni. Zamani mgonjwa aliuguzwa kwao, akasomewa, akapona au akafa mbele ya watu wake. Spitali ilikuwa ya mabaharia na makuli wa reli, waliougulia mbali na kwao. Kumpeleka mtu huko ilikuwa kama kusema hana wake. Lakini jamaa wa mume walikuwa waje Ijumaa, na baba hakutaka kikohozi kile kisikike ukumbini. Bi Mkubwa alimkatalia. Baba akashinda.

Wanaume wawili walimbeba Tausi kwa kitanda cha kamba siku ya Jumanne. Alipopitishwa ukumbini nilikuwa nimesimama kando ya mlango. Akanitazama. Akasema, "Mwana, kanzu yako ya kijani iko juani. Iondoe isipauke." Hilo ndilo neno lake la mwisho nililolisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Kule spitali mgonjwa alipewa kitanda na dawa. Cha kujifunika kilitoka kwao. Kwa hivyo Jumatano asubuhi Bi Mkubwa akatandika mkeka ukumbini, akaita wanawake watano wa mtaani, akatoa leso nne kuukuu zilizofuliwa mpaka zimelainika kama ngozi ya mtoto, na kapu la sufi. Bi Salima akaja bila kuitwa, na sindano yake na subana yake kidoleni. "Nimesikia mna mgonjwa," akasema, akakaa.

Mfarishi wa mgonjwa haukushonwa kama nguo. Mliokaa mkekani mlitia udhu kwanza. Porojo hakuna. Kila sindano ikizama ni "Yaa Latifu", ikitoka ni "Yaa Latifu", mpaka upande unakwisha, na masikio yako yanasikia kama nyuki wamo nyumbani. Pembe tatu alizifunga yeyote. Ya nne, ya kichwani, iliachwa wazi. Hiyo ilikuwa ya mtoto wa mgonjwa, na kama hana, ya yule aliyelelewa naye. Aliifunga kwa sauti, watu wanasikia, akimtaja mgonjwa kwa jina lake na jina la mama yake, kwa sababu dua ya mgonjwa huombwa kwa jina la mama. Ikishafungwa, mfarishi unapelekwa. Haijafungwa, haupelekwi. Ndivyo walivyofanya wazee wetu, na hatukuwa watu wa kuuliza kwa nini.

Tulishona tangu jua kupanda mpaka karibu na alasiri. Nilishona vizuri, tena kwa makusudi, ili Bi Salima aone. Pembe tatu zikafungwa. Bi Mkubwa akauvuta mfarishi, akaniwekea magotini.

"Haya, Esha. Pembe yako."

"Pembe yangu vipi?"

"Kuna mwengine humu aliyemnyonya?"

Nilihisi uso wangu wote umepata moto. Sikumtazama Bi Salima, lakini nilijua alipo kama unavyojua lilipo jiko bila kuliona. Nikatafuta pa kujificha, nikapata mahali pazuri, ndani ya dini.

"Mama yake hajulikani," nikasema. "Dua haitashika."

"Asiyejulikana mama yake huitwa binti Hawa," akasema Bi Mkubwa. "Au wewe unamjua asiyetoka kwa Hawa? Nionyeshe nimwone, nami sijafa bado."

Mwanamke mmoja akacheka kidogo. Kile kicheko kikanimaliza.

"Bi Mkubwa, mimi simshonei mtu asiyekuwa na mama."

Nyuki wakanyamaza. Bi Mkubwa akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza uliko mwiko: "Na wewe, mamako yuko chumba gani?"

Hapana aliyecheka safari hii. Bi Salima alikata uzi kwa meno.

Nikainuka, nikasema mkono unaniuma, nikaenda zangu ndani. Huko nikamsikia Bi Mkubwa akiukunja mfarishi. "Pembe hii ni ya Esha," akawaambia wale wanawake. "Asiiguse mtu."

Nilidhani atakasirika jioni na asubuhi atakuwa ameshuka. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Lakini Alhamisi asubuhi mfarishi ulikuwa juu ya kasha, pembe wazi, sufi inachungulia. Mchana ulikuwa pale pale. Mvua ile iliyotukataa ikaja siku hiyo, ya kusi, ya kukaa, upepo unapiga madirisha. Bi Mkubwa alipita mbele yangu mara kumi bila kunena, nami nikapita mbele yake mara kumi bila kunena. Yeye ameshika desturi yake, mimi nimeshika uso wangu, na katikati yetu mfarishi. Wote wawili tulijua kwamba kuna mtu anatetemeka upande wa pili wa kisiwa chetu. Wote wawili tulingoja mwengine aanze.

Mimi nilikuwa mtoto, utasema. La, mwanangu. Miaka kumi na tano inajua.

Ijumaa niliamka nimeshindwa. Lakini nisikilize vizuri nilivyoshindwa, kwa sababu hata huko kushindwa kwangu kulikuwa na hila. Nilimwendea Bi Mkubwa nikamwambia, "Nipeleke. Nitaifunga huko huko, mbele yake." Akafurahi, maskini. Alidhani moyo wangu umelainika. Umelainika, kweli, lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba huko spitali hakuna mtu wa Kuze wa kunisikia. Ningemwita mamangu mahali ambapo hakuna anayenijua.

Ilivyokuwa ni kwa mgonjwa, Bi Mkubwa akanitoa mchana; tukajitanda gubigubi, tukatoka baada ya jua kuchomoza, mimi nimekumbatia mfarishi, sindano nimeshaitia uzi na kuichomeka kwenye leso yangu kifuani. Njia nzima nilikuwa nikiupima ule uzi kwa mawazo. Utatosha. Bandi kumi na mbili, labda kumi na tatu.

Chumba cha wanawake kilikuwa kirefu, cheupe, vitanda vimepangwa kama madau yaliyopandishwa ufukoni. Kitanda cha tatu kulikuwa na mtu amefunikwa mpaka juu ya kichwa kwa blanketi la magunia. Nasema la magunia na sisemi kwa dharau. Yalikuwa ni magunia ya ule mchele wa meli, mtu ameyafumua, ameyaosha, ameyaunga kwa uzi wa nyuzi tatu, akatia pindo la kitambaa chekundu pande zote nne. Mimi nikiona mshono mzuri naujua. Ule ulikuwa mzuri.

Kitanda cha pili mwanamke alikuwa ameketi, mguu umefungwa kwenye ubao, amejifunga leso moja tu nyembamba. Meno yake yalikuwa yakigongana kwa baridi. Alikuwa Mtaita, jina lake Mghoi, mpishi wa makuli wa reli, Mkristo. Hayo tuliyajua baadaye.

"Mnamtafuta Tausi," akasema.

"Ndiyo," akajibu Bi Mkubwa.

"Amekwenda alfajiri. Poleni."

Bi Mkubwa akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale sakafuni. Mimi nilibaki nimesimama na mfarishi kifuani. Nilikuwa bado nafikiria uzi.

Mghoi akanitazama. "Wewe ndiye Esha?"

"Ndimi."

"Ulikuwa unashona."

Nikaukaza mfarishi kifuani.

"Kila nikimtupia gunia langu alinirudishia," akasema. "Aliniambia, jifunike mwenyewe mama, mwanangu anashona. Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo. Jana nikamtania, nikamwambia huyo mwanao anashona nini, tanga la meli? Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema, ana mkono mzuri yule, hafanyi haraka."

Mwanangu Zuhura, nimeishi miaka mingi. Nimezaa, nimezika wanangu wawili, nimemzika babu yako. Sijapata kusikia neno lililoniingia kama lile. Hafanyi haraka.

"Leo alfajiri hakuwa na nguvu za kunirudishia," Mghoi akaendelea. "Nikamfunika. Nikamwombea, kwa dini yangu mimi. Sijui nyinyi mnaombaje."

Sijui kwa nini niliuliza. Labda nilitaka kujua kama nilikuwa na haki hata kidogo. Nikamwuliza, "Ulimwombea kwa jina gani?"

Akashangaa. "Tausi. Kwani analo jingine?"

Bi Mkubwa akainuka, akautwaa mfarishi mikononi mwangu, akamwendea Mghoi akamwekea mabegani. "Utakufa kwa baridi, mwanangu," akamwambia. Mghoi akaupapasa. Mkono wake ukafuata bandi, ukateremka upande mmoja, ukapanda wa pili, ukafika kwenye ile pembe. Kidole chake kikagusa sufi. Akakiacha pale kidogo. Kisha akauvua mfarishi, akaukunja, tena vizuri kuliko tulivyoukunja sisi, akanirudishia mimi, si Bi Mkubwa.

"Sijifuniki huo," akasema. "Una mwenyewe."

Akaketi na leso yake moja, akitetemeka. Walipokuja kumchukua Tausi, Bi Mkubwa alimfunua, akamfunika leso yake mwenyewe ya kichwani, na lile blanketi la magunia akamrudishia Mghoi kwa mikono yake miwili.

Tulimzika siku ile ile. Wageni wa posa walikuja, wakakuta matanga. Kabla jeneza halijatoka, mwalimu akasimama nyuma ya pazia la ukumbini akauliza jina la maiti kwa ajili ya talakini, kwa sababu kaburini pia mtu huitwa kwa mama yake. "Tausi binti nani?" Ukumbi mzima wa wanawake ukanigeukia. Bi Mkubwa hakufungua mdomo. Nilijua ananingoja, na nilijua safari hii hatanisaidia.

"Tausi binti Hawa," nikasema. Sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ni mamangu. Ameninyonyesha."

Jeneza likatoka. Nilikuwa nikitetemeka, na Bi Salima akanisogelea, akanikalia karibu mpaka mkeka ukazama. Nikangoja aseme kwamba posa imevunjika.

"Unatetemeka nini?" akaniambia sikioni. "Mwanangu mimi kanyonya kwa mjakazi. Mimi pia. Mamangu pia. Humu ukumbini tukianza kuhesabiana tutakesha." Akanirekebishia leso kichwani. Kisha akasema, "Ungeshona tu, mwanangu."

Basi. Nilimtupa mtu baridini kwa kuogopa jambo ambalo halikuwepo.

Wiki ya pili nilishona mfarishi mwengine, pembe zote nne, nikaenda nao kwa Mghoi. Kitanda chake kilikuwa na mtu mwengine, mwanamke mgeni hajitambui. Mghoi alikuwa amerudishwa kwao na sikumwona tena maisha yangu. Nikamfunika yule niliyemkuta, nikasema binti Hawa, maana jina lake sikulijua. Tangu hapo kila kusi likiingia nimepeleka mifarishi spitali, na wewe umenisaidia kujaza sufi bila kujua ni kwa nini. Sikuuliza mgonjwa ni wa dini gani, wala ametoka wapi, wala alikuwa wa nani. Aliye na baridi ana baridi.

Sasa nisikilize, nikutolee nasaha yangu, kwa sababu wewe una kichwa changu na kiburi changu, na mkono wako wa sindano karibu utafika kwangu.

Mgonjwa ukimshonea, mpelekee siku ile ile, hata kama pindo halijaisha. Pindo utalimalizia kitandani kwake huku mnazungumza. Mwombee kwa jina unalolijua, na kama hulijui, mwombee hivyo hivyo, anayeombwa anamjua. Desturi za wazee wako zishike, lakini desturi ikikuweka nyumbani na mtu anatetemeka, itoe hiyo desturi nje uiache mlangoni mpaka urudi. Na aliyekulea, mwanangu, awe nani awe nani, mwite mama mbele za watu, kwa sauti, wakati masikio yake yanasikia. Mimi nilimwita Tausi mama akiwa jenezani. Ukumbi mzima ulinisikia ila yeye.

Mungu akupe mkono mwepesi na uso usioogopa watu. Akupe mtu wa kukufunika siku utakayokuwa huna nguvu ya kujifunika, na asikuulize wewe ni binti nani. Akulinde na neno litakalokurudia uzeeni. Amin, na waliotangulia waitikie amin.

Kashani upande wa kulia mna mifarishi miwili mipya, imekwisha kila pembe. Ipeleke spitali kesho asubuhi. Ule mkongwe uurudishe chini, na hiyo sufi iliyomwagika uikusanye uirudishe ndani. Pembe usiifunge. Nimetia uzi sindanoni mara nyingi kuliko unavyodhani, na kila mara mkono umekataa. Na kusi likipiga tena ukaniona natetemeka, usije nao. Ukija nao, jawabu langu ni lile nililokujibu juzi, na silo langu mimi, ni la yule mwanamke wa kitanda cha pili aliyeketi na leso moja:

"Sijifuniki huo. Una mwenyewe."